Kabla ya kuagiza visu, uliza chuma kimetoka wapi

Viazi vitamu vikishachimbwa, kazi ya jikoni katika nyumba nyingi za Tabora huhamia uani. Viazi humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikauke, navyo ndivyo michembe. Vingine huchemshwa kwanza, ndipo vikatwe na kuanikwa, navyo huitwa matobolwa. Ni akiba ya miezi ambayo ghala limepungua. Kazi hiyo inataka mikono mingi na visu vingi, na katika mikono hiyo watoto hawakosekani.

Msimu kama huo ndipo familia inapogundua kuwa visu vya nyumbani havitoshi. Kimoja kimevunjika ncha, cha pili mpini unacheza, cha tatu kimenolewa miaka mingi hadi kimebaki chembamba kama wembe uliochakaa. Mama ananunua vingine gulioni, au anakwenda kwa mhunzi. Na pale kina mama wanapokuwa na kikundi cha kuweka na kukopa, huona nafuu kuagiza vingi kwa pamoja na kugawana gharama.

Katika agizo la namna hiyo maswali mawili huulizwa kila mara: vingapi, na bei gani. Swali la tatu, ambalo ndilo linaloamua kama mtoto atakata kiazi au atakata kidole, mara nyingi husahaulika. Swali hilo ni: visu hivi vitatengenezwa kwa chuma gani?

Kisu kikishasuguliwa kikang'aa, chuma kizuri na kibaya hufanana. Baada ya hapo mnunuzi hana cha kuona ila mng'ao. Wakati mzuri wa kuuliza ni kabla tanuri halijawashwa.

Nchi iliyojua chuma

Kuuliza habari za chuma si ugeni katika sehemu hizi. Katika karne ya 19, majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa kaskazini mwa Unyamwezi na kusini mwa Ziwa Victoria yalikuwa bidhaa kubwa kwenye njia ya misafara iliyopita Tabora kwenda pwani. Jembe lililimia, lililipia mahari, na wasafiri walilitumia pia kulipa hongo walipopita Ugogo. Kwa mkulima na kwa mzazi wa binti, jembe bovu lilikuwa hasara.

Na ujuzi wenyewe ni wa zamani zaidi. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu uyeyushaji wa chuma wa Wahaya, magharibi mwa Ziwa Victoria. Walieleza kuwa mafundi wa eneo hilo walikuwa wakipata chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua, kwenye tanuri zao za udongo miaka kati ya 1,500 na 2,000 iliyopita.

Mhunzi wa zamani alikuwa na faida moja ambayo wa leo hana. Alijua mawe ya chuma yamechimbwa wapi na nani ameyayeyusha. Siku hizi mhunzi wa kijijini haanzi na mawe. Anaanza na chuma chakavu: springi ya gari, kipande cha nondo, tupa iliyoisha meno, bomba, bati nene, mabaki ya mashine. Vyote vinafika kwake vimechanganyika, na hakuna kilichoandikwa jina.

Chuma si kimoja

Tofauti kubwa kati ya chuma na chuma ni kaboni iliyomo ndani. Ni kiasi kidogo sana, lakini ndicho kinachoamua kama kisu kitashika makali.

Nondo za kujengea kwa kawaida huwa na kaboni kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 0.3. Chuma cha aina hiyo hupindika bila kuvunjika, na ndiyo maana kinafaa kwenye zege. Kwa kisu hakifai. Hata kikipashwa moto na kutumbukizwa kwenye mafuta, hakigeuki kuwa kigumu cha kutosha. Kitanolewa asubuhi, na kabla ya ndoo ya kwanza ya viazi kuisha kitakuwa butu.

Springi ya gari, ile ya mapande bapa yaliyopangwa chini ya lori au Land Rover, huwa na kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.65 hivi. Hicho ni chuma kinachokubali kufanywa kigumu kwa moto, na bado kikabaki na unyumbufu. Wahunzi wengi wa Afrika Mashariki wanakipenda kwa visu na mapanga, na wana sababu.

Tupa nzuri ina kaboni zaidi, karibu asilimia 1 na kuendelea. Hutoa makali ya ajabu, lakini mhunzi asipoilegeza kwa moto mdogo baada ya kuifanya ngumu, kisu chake huvunjika kama kigae. Na zipo tupa za bei ndogo zilizofanywa ngumu juu tu, ndani ni chuma laini. Akiisugua sana, ugumu wote unabaki sakafuni.

Kwa hiyo visu viwili vilivyotoka katika karakana moja, siku moja, kwa mkono mmoja, vinaweza kuwa tofauti kabisa.

Mazungumzo yanayofaa

Chukua mfano wa kikundi cha kina mama wa Lusu, wilayani Nzega, kinachotaka visu 20 kabla ya msimu wa michembe. Mwenyekiti wao anafika kwa mhunzi na wenzake wawili. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibuni. Leo mmekuja wengi."

"Tumekuja kuagiza visu, mzee. Ishirini. Lakini kabla ya kuzungumza bei, tunaomba tuone chuma chenyewe."

"Chuma ni hicho hapo ukutani. Springi ya lori."

"Na zile zilizolala pale chini?"

"Hizo ni nondo. Natengenezea miguu ya majiko."

"Hii springi itatoa visu vyote ishirini?"

"Itatoa kama kumi. Vingine nitatafuta."

"Ndiyo maana tumekuja mapema, mzee wangu. Hivyo kumi vingine vitatoka kwenye nini?"

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mhunzi hakudanganya popote. Chuma alichoonyesha ni kizuri, na visu kumi vya kwanza vitakuwa vizuri. Hatari iko kwenye kumi vya pili, pale siku ya kukabidhi inapokaribia, springi imekwisha, na nondo ipo karibu. Kikundi kitapokea mzigo mmoja wenye sura moja, na wanachama kumi watakuwa wamelipa bei ya springi kwa kisu cha nondo. Ugomvi utakaozuka kikundini hautamgusa mhunzi peke yake, utamgusa na mwenyekiti.

Mhunzi mwaminifu hataudhika akiulizwa hivyo. Huenda akajibu: "Basi nipeni wiki mbili nitafute springi ya pili, nisiwachanganyie." Jibu hilo lina thamani kuliko kupunguziwa bei. Kikundi kikikubaliana naye, ni vizuri makubaliano yaandikwe kwenye daftari: idadi, aina ya chuma, urefu wa kisu, siku ya kupokea, na kwamba kisu kitakachoonekana ni cha chuma kingine kitarudishwa.

Chuma ambacho hakifai kabisa

Lipo jambo lingine ambalo wazazi wa maeneo ya machimbo wanapaswa kulitazama kwa macho mawili. Lusu inajulikana kwa dhahabu. Mgodi wa Golden Pride ulikuwa hapo, ukafanya kazi kwa karibu miaka 15 tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Wachimbaji wadogo nao wamekuwa wakifanya kazi katika wilaya ya Nzega. Penye machimbo pana vyuma vingi chakavu: mabaki ya karasha, mapipa, mabeseni, mabomba.

Wachimbaji wadogo wengi hukamatia dhahabu kwa zebaki. Chombo kilichotumika kwenye zebaki hakifai kuingia kwenye tanuri la mhunzi. Zebaki huchemka kwa joto la nyuzi 357 tu, na tanuri la mhunzi hupita hapo mara mbili na zaidi. Mvuke wake hauonekani, na hudhuru ubongo na figo, hasa za mtoto na za mimba iliyo tumboni. Mtoto anayekaa karibu na mvukuto kumsaidia babu yake ndiye anayeuvuta.

Vivyo hivyo mabomba na mabati yaliyopakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea anayeuvuta homa, baridi na maumivu ya mwili usiku wake, na wengi hudhani ni malaria. Chuma chenye rangi ya zamani nacho kinaweza kuwa na risasi ndani ya rangi. Na vyombo vya betri za gari visikaribie kabisa moto ambao chuma cha jikoni kinafuliwa.

Kanuni ni nyepesi. Chuma cha kisu cha jikoni kiwe kile ambacho mhunzi anaweza kusema kilikuwa nini kabla. Akisema, "Hiki sijui kilikuwa nini, lakini ni kigumu," hicho kikafanyiwe kazi nyingine.

Springi yenyewe nayo ichunguzwe. Springi hutupwa kwa sababu imechoka au imekatika. Iliyokatika mara nyingi huwa na nyufa nyembamba karibu na pale ilipokatikia, na nyufa hizo haziondoki kwa kufuliwa. Mhunzi mzoefu hukata na kutupa sehemu hiyo. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kama imetupwa.

Moto na mafuta

Chuma kizuri kinaweza kuharibiwa kwenye moto. Kisu kikishafuliwa, hupashwa moto hadi wekundu uliokolea, halafu hutumbukizwa ghafla kwenye mafuta. Hapo huwa kigumu sana, lakini pia chepesi kuvunjika. Baadaye hupashwa tena kwa joto dogo, nyuzi 200 hivi, ili kupunguza ukali wa ugumu. Mhunzi asiye na kipimajoto husoma rangi inayotokea juu ya chuma kilichosuguliwa: rangi ya majani makavu hadi ya asali inafaa kwa kisu. Ikifika bluu, kisu kimelegea mno kushika makali.

Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa pale kazi inapokuwa ya haraka. Kisu kisicholegezwa hukata vizuri sana siku ya kwanza. Siku kikianguka sakafuni, au mtoto akikitumia kubanduabandua kifuniko cha kopo, hukatika na kipande kikaruka. Mzazi anaweza kuuliza bila aibu: "Mzee, mkishakizamisha kwenye mafuta, mnakirudisha tena motoni?" Mhunzi anayejua kazi atafurahi kuulizwa.

Lipo pia suala la mafuta yenyewe. Karakana nyingi hutumia oili chafu iliyotolewa kwenye injini, kwa sababu haina gharama. Oili hiyo hubeba metali na masizi, na moshi wake si mzuri kwa mapafu. Mafuta ya kupikia, kama ya alizeti, hufanya kazi hiyo kwa chuma cha springi. Kikundi kinaweza hata kuchangia lita chache kama sehemu ya malipo. Kisu kilichozamishwa kwenye oili chafu kisafishwe kwa maji ya moto na sabuni, zaidi ya mara moja, kabla ya kukutana na chakula.

Majaribio ya mlangoni

Yapo majaribio machache ambayo hayahitaji maabara.

La kwanza ni cheche. Mhunzi akigusisha chuma kwenye jiwe la kusaga la umeme, chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka kama vinyota vingi. Nondo hutoa mistari mirefu yenye vinyota vichache. Jaribio hili hufanywa kabla ya kufua, na linamaliza ubishi mwingi. Watazamaji wasimame mbali, na mwenye kusaga avae miwani.

La pili ni tupa. Kisu kikiwa tayari, mhunzi apitishe tupa polepole kwenye makali. Tupa ikila kwa urahisi kama inayopita kwenye msumari, kisu ni laini. Ikiteleza ikila kidogo tu, ugumu upo.

La tatu ni kukipinda kidogo. Kisu chembamba cha chuma cha springi kilichofanyiwa moto vizuri kikisukumwa pembeni kidogo hurudi kilipokuwa. Kikibaki kimepinda, ni laini. Jaribio hili alifanye mhunzi mwenyewe, kwa kukibana kwenye jiliwa, na watoto wasiwepo karibu.

La nne ni la jikoni: nyanya iliyoiva. Kisu chenye makali hupita kwenye ganda la nyanya bila kulisukuma. Lakini nyanya ya siku ya kwanza haitoshi. Nyanya ya siku ya saba, baada ya kisu kumenya na kukata bila kunolewa tena, ndiyo inayosema kweli.

Mpini

Majeraha mengine hayatokani na makali. Yanatokana na mpini uliochomoka. Ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, yaani msuka, ikiwa fupi kama kidole gumba, kisu kitaanza kucheza baada ya kuoshwa mara chache. Msuka upite angalau zaidi ya nusu ya mpini, na ufungwe kwa ribiti mbili.

Miti ya miombo ya Tabora inatoa mbao nzuri, na mninga ni mmojawapo unaojulikana kwa kutovimba na kusinyaa sana. Mbao iwe imekauka. Mpini wa mti mbichi husinyaa na kuacha mwanya, na mwanya huo hukusanya mabaki ya nyama na samaki ambayo hayaoshiki. Mpini uliofungwa kwa mpira au kitambaa una shida hiyo hiyo. Ile ya plastiki iliyoyeyushwa kutoka mabomba ya maji inang'aa na haigharimu, lakini mabomba hayo yakiungua hutoa moshi unaowasha macho na koo, na tena mpini wake huteleza mkono ukiwa na maji.

Visu vinavyong'aa vya gulioni

Mzazi mwingine ataona njia fupi ni kununua kisu cha kiwandani chenye maandishi ya chuma kisichoshika kutu. Ni njia nzuri pia, ila maandishi hayo yasisomwe zaidi ya yanavyosema. Chuma kisichoshika kutu ni chuma chenye kromi ya asilimia 10.5 au zaidi. Hayo ni maelezo ya kutu. Hayasemi chochote kuhusu makali.

Chuma cha vijiko na sufuria, chenye kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hadi 10, hakifanyiki kigumu kwa moto. Kinafaa kijiko. Kisu kilichotengenezwa nacho kitang'aa miaka kumi bila kukata. Sumaku ndogo ya spika ya redio iliyokufa inasaidia hapa: chuma cha kisu kisichoshika kutu kwa kawaida hushikwa na sumaku, na kile cha vijiko mara nyingi hakishikwi. Sumaku ikikataa, mzazi atafute kingine. Ikishika, amepita hatua moja tu, kwa sababu hata nondo hushikwa na sumaku.

Kwa bidhaa za dukani, nembo ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na jina la mtengenezaji ni vitu vya kutafuta. Bidhaa isiyo na jina haina pa kurudishwa. Na mhunzi anayetaka kutoka kwenye visu vya kuagizwa na kuingia kwenye uzalishaji wa kudumu anaweza kufika ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, kuuliza kuhusu mafunzo na njia ya kupata nembo hiyo.

Kisu cha springi kina kasoro yake, nayo isemwe mapema: kinashika kutu. Kikate ndimu au embe bichi, kitageuka cheusi. Weusi huo si sumu. Kioshwe, kikaushwe papo hapo, kipakwe tone la mafuta ya kupikia. Kutu nyekundu inayobanduka ndiyo ya kusuguliwa.

Mkononi mwa mtoto

Kuna imani kwamba mtoto apewe kisu butu ili asijiumize. Imani hiyo inaumiza wengi. Kisu butu hakiingii kwenye kiazi, kwa hiyo mtoto anakisukuma kwa nguvu zote. Kiazi kinageuka, kisu kinateleza, na nguvu zote zinaishia kwenye mkono wa pili. Kisu chenye makali hukata kwa nguvu ndogo, na mtoto hubaki anakitawala.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, wakimaanisha ajifunze kwa maumivu. Kwa kisu cha jikoni ipo njia yenye huruma zaidi. Katika agizo la visu 20, vichache viwe vya watoto: vifupi, ncha ya mviringo, mpini mwembamba unaoenea kiganja kidogo. Mtoto wa umri wa shule aanze na kiazi kilichochemshwa cha matobolwa, ambacho ni laini, akiwa ameketi, kiazi kikiwa juu ya ubao na si kiganjani. Mkubwa awe karibu. Walio chini ya umri huo wabebe maganda kuwapelekea mbuzi.

Mtoto akikatika, jeraha lioshwe kwa maji safi yanayotiririka, kisha libanwe kwa kitambaa safi bila kufunuliwafunuliwa kwa dakika kumi, mkono ukiwa juu. Majivu, ugoro na mafuta ya taa visiguse jeraha. Damu isipokoma, jeraha likiachama, au kidole kikiwa na ganzi au hakikunjiki, ni safari ya zahanati siku hiyo hiyo, pamoja na kadi ya kliniki. Wadudu wa pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, na kisu cha uani hugusa vyote viwili, kiwe na kutu au kisiwe nayo. Mhudumu ataangalia kama chanjo imekamilika.

Kisu cha kwanza kabla ya kumi na tisa

Kikundi chenye hekima hakilipii visu 20 kwa mkupuo. Kinatoa malipo ya awali ya kununulia chuma, na kuomba kisu kimoja cha mfano kutoka kwenye springi ile ile itakayotumika. Kisu hicho kikae wiki moja katika nyumba yenye kazi nyingi kuliko zote, kimenye, kikate, kioshwe, kiachwe usiku kama visu vingine vinavyoachwa. Siku ya saba wanachama wakutane wakitazame: makali, mpini, ribiti, ncha. Penye kasoro mhunzi aambiwe kwa heshima, mapema, wakati bado anaweza kurekebisha.

Halafu siku ya kupokea, visu viwili vitatu vichaguliwe kutoka chini ya mzigo na vipitishiwe tupa mbele ya mhunzi. Vilivyo juu vimepangwa na aliyevitengeneza. Vya chini ndivyo watakavyokabidhiwa watoto.